Mama Mkwe wa Ghala

Nimeona wanawake wenye wakwe wawili, watatu, na waliojaliwa mabinti wengi wakapata wakwe wa kujaza ua. Lakini mwanamke mmoja kuwa mama mkwe wa wanaume wote wa kijiji, wenye wake na wasio na wake, Wajopadhola kwa Wateso kwa Wasamia, hilo nimeliona mara moja tu, Mwello, upande wa Uganda, enzi za Mwingereza. Kila nikianza kulisimulia moyo unanienda mbio. Wajukuu wangu wananiambia, bibi, polepole, tunakusikia. Siwezi polepole. Yule mama ukimsimulia polepole umemsimulia mtu mwingine.

Jina lake la ubatizo nalijua, lakini halitatusaidia, maana hata yeye ukimwita kwa jina hilo haitiki, labda aite mchungaji. Kwa wote alikuwa Mama Mkwe. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka na mdomo usiojua kupumzika.

Mimi ni mzaliwa wa Buhehe, Msamia. Nilipoolewa nikapelekwa kwa Wajopadhola, lugha yao ilikuwa haijanikaa mdomoni, basi nikawa naamka, nachukua jembe, nakwenda shambani bila kusema na mtu. Siku moja akanisimamisha njiani kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia wanajishika mbavu.

“Wewe nakwenda wapi?”

“Shambani, mama.”

“Peke yako?”

“Peke yangu.”

“Hiyo si kulima. Hiyo ni kukwaruza udongo. Kesho sisi nakuja.”

Nikadhani ni maneno tu ya ujirani. Kesho yake asubuhi nikasikia watu wanaimba, nikatoka nje, na jamani, walikuwa wanakuja kweli, wake kwa waume, majembe begani. Wakajipanga mstari mmoja kutoka mpaka wangu wa huku hadi mpaka wangu wa kule, wakashuka nao pamoja, na shamba lililokuwa limenikondesha likageuka jeusi lote kabla jua halijakuwa kali. Nilisimama pale nikalia kwa furaha. Akaniambia niache kulia, niende nikapike uji, watu wana njaa.

Chama hicho hakikuwa na jina. Watu walituita tu wale wa zamu. Leo tunalima kwako, kesho kwa mwenzako, na mjane na mgonjwa wanatangulia. Wakati wa mavuno kila nyumba ya zamu inatoa kikapu cha wimbi, yaani ulezi, linakwenda katika ghala moja la wote. Wimbi hilo haliguswi mpaka miezi ile mibaya, mnaijua, mvua zimeanza, mashamba yamepandwa, kila kitu nje ni kijani na ndani ya nyumba hakuna hata cha kumpa kuku. Hapo ghala linafunguliwa, na kila mtoto wa zamu anapata uji. Mama Mkwe ndiye aliyeanzisha, na ndiye aliyekuwa akituamsha.

Njaa yenyewe haikuwa ya ajabu. Serikali ilitaka pamba, na machifu walitembea wakihesabia watu mashamba ya pamba, na mtu akimaliza kupalilia pamba mvua ya wimbi imeshapita. Pamba huwezi kuisonga ukala. Mama Mkwe alikuwa akilisema hilo mbele ya yeyote, hata mbele ya watu wa boma, na sisi tunaangalia chini tukijifanya hatumjui.

Alikuwa kiongozi wa nyimbo shambani, na kuimba hajui. Sauti yake ilikuwa inakwenda kando ya wimbo, haiingii ndani. Lakini hakuna aliyethubutu kumpokonya, kwa sababu alikuwa anatunga papo hapo, na mvivu wa siku hiyo anaingizwa humo na jina lake na la baba yake. Nimeona dume zima likiongeza mwendo wa jembe kwa sababu limesikia Mama Mkwe anakaribia ubeti wake.

Shambani alipiga marufuku pombe. Hiyo ilikuwa vita. Huko kwetu tangu zamani kazi ya pamoja malipo yake ni malwa, pombe ya wimbi, watu wanazunguka chungu na mirija mirefu mpaka mchana unakwisha. Yeye akasema hapana, wimbi hatutalinywa, tutalila, na mwenye kulima atapewa uji. Wanaume walinung’unika mwaka mzima. Na wakati huohuo, nawaambia ukweli, malwa tamu kuliko zote Mwello ilikuwa ya kwake, ya Krismasi, na alikuwa anaivuta kwa mrija akiwa amefumba macho, asitake kusemeshwa. Ukimuuliza anasema Krismasi si shamba.

Hakuwa mtakatifu. Alinusa tumbaku kanisani, akipiga chafya katikati ya mahubiri kama amejibu hoja. Alipenda umbea. Nyumba yake ilikuwa inavuja, na shamba lake lilikuwa la mwisho kulimwa kila msimu, ukimwambia anakasirika. Nami nilikuwa namkasirikia vilevile, maana mimi hasira zangu ziko karibu, na tuligombana mara nyingi, asubuhi tunagombana, adhuhuri tunachekana.

Mara moja tulitembea pamoja, mimi na yeye, mpaka kwetu Buhehe kuomba mbegu ya muhogo, kwa sababu muhogo wa Mwello ulikuwa umeshikwa na ugonjwa, majani yamejikunja. Ndugu zangu wakatupa matita mawili ya vijiti vizuri. Njiani kurudi tukalala kwa mama mmoja mkarimu, tukaegemeza matita yetu nje ya jiko lake. Asubuhi tunaamka, tunakuta maji ya moto ya kunawa, tunakuta viazi vitamu vimeiva, harufu nzuri, na yule mama anachekelea. Natoka nje nikakuta tita moja tu. Lile jingine lilikuwa chini ya chungu, linawaka vizuri kabisa.

Nilifungua mdomo nimwambie mwenye nyumba maneno ambayo mgeni haambii mtu. Mama Mkwe akanikanyaga mguu. “Asante mama,” akamwambia, “kuni yako nawaka sana.” Akala viazi vyake vyote, akanisukumia na vyangu. Tulipofika mbali ndipo alipokaa chini njiani akacheka mpaka machozi. “Nakula shamba letu nzima,” akasema, “na sijashiba.” Tita lililobaki alilibeba mwenyewe mpaka nyumbani, usiku alililaza ndani ya nyumba, na muhogo uliotokana nalo ulilisha watu miaka na miaka.

Sasa niwaambie alivyopata wakwe.

Ghala letu la kwanza liliwekwa kwa mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima. Ghala mnalijua, lile kapu kubwa la fito lililosimama juu ya miguu, na kofia ya nyasi juu. Ukitaka nafaka unainua kofia, unaingiza mkono. Mzee yule hakuwa mwizi. Lakini ukatokea msiba, wanaume wenzake wakamwambia, tuazime kidogo, tupike malwa ya waombolezaji. Halafu ikawa harusi. Halafu ikawa wageni. Miezi mibaya ilipofika, tukaenda na vikapu vyetu, tukainua kofia, tukakuta panya. Mwaka ule watoto wetu walikula majani ya porini, na wa jirani yangu wa upande wa chini alikufa, mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama. Mama Mkwe ndiye aliyemwosha. Toka siku hiyo hakuimba mpaka msimu ulipogeuka.

Baada ya mavuno, Jumapili moja, watu wakiwa wamesimama nje ya kanisa, akapanda juu ya benchi. Akasema ghala jipya limeshasimama nyumbani kwake. Wanaume wakaitika, sawa. Akasema tena, “Na kuanzia leo mimi ni mama mkwe yenu. Yote. Mimi nazaa bibi zenu.”

Kicheko kilikuwa kikubwa, halafu kikafa kidogokidogo, kwa sababu watu walianza kuelewa.

Kule kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawachezeani. Hamtazami usoni. Hamshiki mkono. Hawezi kula mbele yake wala yeye mbele ya mkwe. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia, anasimama kwenye nyasi, anampa mgongo mpaka apite. Na ghala la mama mkwe, huo ndio mwiko mkubwa zaidi. Mwanamume akiinua kofia ya ghala la mama mkwe wake akachungulia ndani, ni bora angemvua nguo. Wajopadhola wana hilo, sisi Wasamia tunalo, Wateso wanalo kwa namna yao. Yeye mjanja hakutumia neno la kabila lolote. Alichukua neno la Kiswahili ili asikose mtu.

Fundi mmoja wa mipini ya majembe, Mteso, mtu wa utani, akainua mkono. “Mama,” akasema, “mkwe ya Kiswahili haina nguvu. Kwetu mkwe ni ng’ombe. Mimi sijakuletea hata mkia.”

“Vizuri,” akasema. “Ghala iko pale kwangu. Enda, inua kofia, chungulia. Sisi naangalia.”

Tulikwenda wote, kanisa zima, kumwangalia fundi akichungulia. Alitembea kwa madaha mpaka karibu na ghala. Akainua mkono. Mkono ukasimama hewani. Akageuka nyuma, akatuona, akatazama ghala tena, kisha akasema amekumbuka mbuzi wake hajafungwa, akaondoka. Nilicheka nikakaa chini. Hakuna aliyejaribu tena.

Basi tukaanza maisha mapya. Mama Mkwe akitokea njiani, wanaume wanaruka kwenye nyasi kama panzi, wazee kwa vijana. Mwalimu wa dini aliyeletwa kutoka mbali alitushangaa, maana Mama Mkwe akiingia kanisani upande wote wa wanaume unageukia ukutani. Akauliza ni mafundisho ya dhehebu gani. Tukamwambia ni wimbi.

Na watoto walikula. Hilo nataka lisikike. Miezi mibaya ikaja, tukainua kofia sisi wanawake, wimbi likawa limejaa mpaka juu. Nilikuwa na wawili wakati huo, na wote wawili walivuka. Unasimama jikoni unakoroga uji, unajua na kesho upo. Sijawahi kuwa tajiri kama nilivyokuwa siku zile.

Wanaume wote walikuwa wakwe wa kupangwa, isipokuwa mmoja. Muluka, yaani chifu mdogo wa mtaa wetu, alikuwa amemwoa binti wa kumzaa wa Mama Mkwe. Huyo alikuwa mkwe wa ng’ombe, mkwe wa kweli. Na ndiye aliyetusumbua.

Muluka hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuamrishwa. Boma lilimwambia awe mfano, basi akapanda pamba shamba lake lote, mpaka mlangoni. Mkewe akakatazwa kuingia kwenye zamu. Mke wa chifu alime kwa watu? Halafu akaanza kusema chama chetu hakina ruhusa, na ghala kubwa hivyo linapaswa kuwa la serikali.

Siku moja akaja mwenyewe. Kuingia uani haiwezekani, basi akasimama nje ya ua, ametupa mgongo, kofia yake ya kazi kichwani. Mama Mkwe naye akamgeuzia mgongo kwa ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa katikati nachambua mboga, nikafanywa tarishi.

“Mwambie huyo mama,” akasema Muluka akiiambia migomba, “ghala hili litaandikwa bomani.”

“Mwambie huyo bwana,” akasema Mama Mkwe akiuambia ukuta, “boma nalima lini hapa?”

“Mwambie sheria inataka akiba ya njaa iwe chini ya chifu.”

“Mwambie aje achukue. Mlango iko wazi. Kofia ya ghala naye najua kuinua.”

Niliona masikio ya Muluka kwa nyuma yanabadilika rangi. Nami nikawa nauma kanga nisicheke, maana kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa, na mimi sikuwa nimefikisha hata neno moja.

Juma lililofuata akamtuma askari wake, kijana wa mbali, asiyejua mila za kwetu. Huyo akaingia moja kwa moja mpaka chini ya ghala. Mama Mkwe akamkaribisha kwa upole ambao ulinitia wasiwasi. Akamuuliza kama ameoa. Bado. Akamuuliza kama ana mchumba. Kijana akatabasamu, akasema yupo msichana mmoja hapahapa Mwello anamzungumzia.

“Basi huyo ni mtoto yangu,” akasema Mama Mkwe. “Mimi ni mama mkwe ya Mwello yote, uliza. Wewe nataka kuchungulia ghala ya mama mkwe wako kabla ya kuoa?”

Askari alirudi nyuma kinyumenyume mpaka njiani. Alimwoa yule msichana baadaye, na siku ya harusi alimpa Mama Mkwe mgongo vizuri kuliko wenyeji.

Nilifurahi mno siku hizo, nikadhani tumeshinda. Halafu miezi mibaya ikaingia tena, na mwaka huo ilikuwa mirefu. Asubuhi moja binti yake, mke wa Muluka, akaja na kikapu kitupu. Alikuwa amekonda shingo.

Mama yake akamtazama. “Wewe unalima kwa nani mwaka huu?”

“Bwana alinikataza, mama. Unajua.”

“Najua. Basi wimbi hii si yangu. Ingekuwa yangu ungebeba yote. Rudi.”

Binti akarudi na kikapu chake. Mimi nilichemka. Nikamwambia Mama Mkwe usoni kwamba ana moyo wa jiwe, mtoto wa tumbo lake mwenyewe, na wajukuu. Alichukua bakuli yake ya uji, lile fungu lake la siku kama sisi wengine, akaifunika, akasema anakwenda kuinywea kivulini, huko migombani. Nikamwacha aende, nikiwa bado nimefura.

Siku zikaenda. Akaanza kutembea kidogo, akaanza kuegemea jembe. Tukasema ni uzee. Kisha asubuhi moja tukiwa tunalima kwa mjane wa upande wa chini, wimbo ukakatika. Tukageuka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya udongo aliokuwa ameulima.

Tukamlaza kwenye mkeka. Pumzi ipo, macho hayafunguki sawasawa. Hospitali ni Tororo, na katikati kuna kinamasi cha mafunjo ambacho wakati wa mvua kinajaa. Hapo ndipo tulipoingia kwenye balaa tuliyoitengeneza wenyewe. Wanaume walikuja wote, wenye nguvu, wakatengeneza machela ya miti na kamba haraka haraka. Wakaiweka chini. Wakasimama wametupa mgongo. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumshika.

Fundi wa mipini ndiye aliyesema, akiwa anatazama miti. “Mama, tufungulie. Sema wewe si mkwe tena. Sema neno moja tu, sisi nakubeba mbio.”

Alimsikia. Akafungua macho. “Ghala bado ina wimbi,” akasema.

“Mama, utakufa.”

“Wimbi mpya haijaiva. Nikifungua nyinyi leo, kesho ni msiba yangu, kesho kutwa ni malwa ya msiba yangu. Watoto atakula nini?”

Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Tulimbeba sisi wanawake. Tuliobeba tulikuwa hatujashiba tangu mwezi uliopita, lakini tulimbeba, tukipokezana, na wanaume wakakimbia mbele yetu wakifyeka nyasi, wakitoa mawe njiani, bila kugeuka nyuma. Habari ilimfikia Muluka, naye akaja, akachukua panga akawa wa kwanza mbele. Mkewe alishika mti wa machela mbele yangu. Alikuwa analia njia nzima. Tulipokaribia kinamasi akaniambia kwa sauti ya chini kilichokuwa kinamliza. Ile bakuli ya uji iliyokuwa inakwenda migombani ilikuwa inakwenda jikoni kwake. Kila siku. Mama yake alikuwa anaifikisha, anasubiri watoto wanywe, anarudi na bakuli tupu.

Nilihisi kichwa kinawaka. Nilijiona mjinga, na nilimwona yule mtu wa kofia mbele yetu, mgongo wake.

Maji ya kinamasi yalitufika kifuani. Wanaume walikuwa wamelaza mafunjo yawe njia, lakini mafunjo yalizama chini ya uzito wetu. Mmoja wetu akateleza, machela ikainama, nywele za Mama Mkwe zikagusa maji. Tuliinua tena, na nikajua kwamba hatuvuki. Tungemzamisha sisi tuliokuwa tunampenda.

Ndipo nikapiga kelele. Sikumwambia mtu amwambie. Nilimwambia yeye, mgongoni.

“Muluka! Uji wa watoto wako ndio uliomlaza huyu! Chakula chake amekula nani? Wamekula watoto wako, kila siku, na wewe unampa mgongo!”

Panga likasimama. Mkewe akasema kwa sauti ndogo, “Ni kweli, baba.”

Muluka akageuka. Nilimwona akigeuka, uso wake mzima, akamtazama mama wa mkewe machoni mchana kweupe. Akavua kofia, akaiacha ielee. Akaja akipasua maji, akaweka bega chini ya mti wa machela upande wa kichwa, akainua. Fundi wa mipini alisikia maji yanapasuka nyuma yake, akachungulia kwa jicho moja, akasema, “Haya, wa ng’ombe ameshika, mimi wa Kiswahili nangoja nini?” Akaja naye. Wakaja wengine. Machela ikapanda juu ya maji, ikaenda.

Tulipofika nchi kavu waliishusha. Kila mtu alikuwa anaogopa. Mimi nilikuwa naogopa ghala. Niliona kwa kuvunja mwiko tumeliacha wazi kule nyumbani, na watoto wangu ndani ya hofu hiyo. Mama Mkwe akafungua macho akamkuta Muluka amepiga magoti hapo hapo, uso kwa uso. Walikuwa hawajawahi kutazamana. Tulingoja laana.

“Umekula?” akamuuliza.

Muluka akatikisa kichwa.

“Tangu lini?”

Sasa tulimwona vizuri, mashavu yaliyoingia ndani, mkanda wa serikali uliotobolewa tundu jipya. Alikuwa anawaachia watoto wake, na aibu ikamziba mdomo. Kwenye mti wa machela tulikuwa tumefunga kibuyu cha uji, cha kumpa Mama Mkwe njiani. Akakinyoshea kidole.

“Kunywa.”

“Hapa, mama? Mbele yako?”

“Hapa. Na Jumatatu zamu ni kwako. Pamba acha, tunalima wimbi.”

Alikunywa. Uji ukamtiririka kidevuni, na yeye anamtazama, na mama anamtazama. Sioni haya kusema kwamba sote tulilia, na fundi wa mipini alilia kuliko wanawake. Aliposhusha kibuyu kilikuwa kitupu, naye akashtuka, kama mtu aliyeamshwa. Mama Mkwe alikuwa ameshafumba macho. Muluka akainuka, akashika mti.

Tulifika Tororo jua likiwa bado juu. Dresa, msaidizi wa daktari, alitupokea, akampima mapigo mkononi, akamfunua macho, akamsikiliza kifua, akarudia tena. Kisha akatutazama tulivyojaa matope mpaka shingoni.

“Mama huyu hana ugonjwa,” akasema. “Ana njaa. Akipata uji kidogo kidogo, atasimama.” Akatutazama mmoja mmoja. “Mmetoka naye mbali hivyo. Hamkuwa na hata kitu cha kumtia mdomoni njiani?”

Sisi wanawake tuliangalia chini. Muluka akasogea mbele, kichwa wazi.

“Kilikuwepo,” akasema. “Nimekunywa mimi. Mimi ni mkwe wake.”